Mjomba, hivi huko mnaogopa taa?

Mwakeye nyote. Shikamoo mama mdogo, na wakubwa wote mliomo humu, shikamooni.

Ujumbe wa mpwa wangu nimeuona tangu juzi, ila nilikuwa zamu za usiku mfululizo, nikirudi nyumbani nalala kama gogo. Kwa ambao hawakusikiliza: kuna klipu inazunguka, mzungu kasimama peke yake usiku wa manane kando ya barabara tupu, hakuna gari, hakuna baiskeli, hata paka hapiti, naye anasubiri taa iwe ya kijani ndipo avuke. Mpwa kauliza: "Mjomba, hao wana akili timamu, au wanawaogopa polisi kiasi hicho? Na ni kweli huko mtu anakamatwa kwa kuvuka barabara?" Chini yake mama mdogo kaandika kwamba huo ndio ustaarabu, sisi bado sana. Halafu mpwa, bila aibu, kamalizia na ombi la hela ya honi mpya ya pikipiki, ile inayolia kama ya lori la mafuta.

Nitajibu yote. Honi mwishoni.

Klipu ile ingeweza kupigwa mtaani kwangu hapa Leipzig. Faini ya kuvuka na nyekundu kwa miguu Ujerumani ni euro 5, kama shilingi elfu kumi na nne au kumi na tano za kwetu. Ukisababisha ajali ni euro 10. Basi. Hakuna anayelala mahabusu. Miaka sita niliyokaa hapa, nimewaona askari wakiwakagua waenda kwa miguu mara moja tu, jirani na shule, wiki ile shule zilipofunguliwa. Kwa hiyo mpwa, yule mzungu hakusimama kwa kuogopa polisi. Polisi wenyewe saa hizo wana kazi nyingine.

Wanachoogopa ni watoto. Msicheke. Mwezi wa pili tangu nifike, saa tisa alasiri, natoka kwenye kozi ya lugha. Taa nyekundu, barabara tupu. Nikavuka kama ninavyovuka kwetu Kigoma, pale Mwanga, kwenda sokoni. Ng'ambo alikuwapo mama na mtoto wa miaka minne hivi, yuko juu ya kibaiskeli, kofia ngumu kichwani. Mtoto akaninyooshea kidole: "Mama, yule baba kapita na nyekundu!" Mama hata hakunitazama. Akamwinamia mwanawe, akamjibu kwa Kijerumani cha polepole, kwa sauti ya kutosha nami nisikie, kana kwamba darasani tuko wawili: "Ndiyo. Na si vizuri." Sijawahi kutozwa hata senti hapa kwa kuvuka barabara, lakini faini ya siku ile bado nadaiwa. Tangu hapo nikiona mtoto karibu nasimama kama mlingoti.

Watoto wakishalala, mambo ni mengine. Saa tano usiku Ijumaa, vijana wanavuka na nyekundu chupa mkononi, wala hawageuki. Wajerumani si malaika, na kuna miji watu wanapita tu mchana kweupe. Huyo wa kwenye klipu ni aina yake, wapo wengi, lakini si wote.

(Mtu anayechorwa kwenye taa za waenda kwa miguu upande huu wa mashariki wa Ujerumani ana kofia, anatembea kifua mbele kama mzee anayekwenda kudai mahari. Alibuniwa na Karl Peglau mwaka 1961, Berlin Mashariki. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990 ikaonekana aondolewe, wawekwe wale wa upande wa magharibi wasio na sura. Wananchi wakakataa katakata. Mpaka leo yupo.)

Sasa sikiliza ngazi ya faini, wewe mwenye pikipiki hasa. Mwenda kwa miguu akipita na nyekundu ni euro 5. Mwenye baiskeli ni 60, na anaandikiwa pointi moja kwenye rekodi yake. Dereva ni 90 na pointi moja, na kama taa ilishakuwa nyekundu kwa zaidi ya sekunde moja, ni 200, pointi mbili, na leseni inapumzika mwezi mzima. Dereva anayekata kona, hata kama kwake ni kijani, lazima ampishe anayevuka. Kwenye zebra asipompisha anayetaka kuvuka, amekosa. Kila chombo kinavyozidi kuwa na uwezo wa kuua, ndivyo mzigo unavyozidi. Isipokuwa tramu, ile treni ya mitaani. Hiyo haimpishi mtu hata kwenye zebra, na ukiuona uzito wake huwezi kuilaumu.

Kabla ya hapa, wengine mnajua, nilikaa Dubai miaka miwili nikilinda jengo. Huko ndiko nilikoonja faini. Mtaa wa Deira, saa mbili asubuhi, nimetoka zamu, ng'ambo ya barabara kuna duka la chai na chapati. Kivuko kilikuwa mbali kidogo, jua limeshaanza kuwaka, nikakata katikati. Nilipofika ng'ambo mtu aliyevaa kiraia akanigusa bega, akaomba kitambulisho, akabonyeza kifaa chake. Dirhamu 400. Mshahara wangu ulikuwa 1,500. Mwezi ule mlipoona hela ya nyumbani imepungua, nikawaambia kampuni imechelewesha, kumbe ilikuwa chapati.

Kosa lilikuwa langu, sibishi. Lakini fikirini nani anatembea kwa miguu Dubai kwenye joto la nyuzi 42. Mwenye gari hawezi kutozwa faini ya kuvuka barabara, maana havuki. Ni sisi, Wapakistani, Wanepali, Waganda, tuliokuwa tunatoka zamu. Barabara ya Sheikh Zayed pale ina njia kama kumi na mbili, na sehemu nyingi unaivuka kwa kupanda stesheni ya treni, unapita juu kwenye daraja lenye kiyoyozi, unashuka upande wa pili. Daraja zuri kweli. Likiwa mbali, unalifuata tu. Na sheria mpya iliyoanza mwishoni mwa Machi 2025 imekaza zaidi: ukivuka pasiporuhusiwa kwenye barabara ya kasi ya kilomita 80 kwa saa au zaidi, ni kifungo kisichopungua miezi mitatu au faini isiyopungua dirhamu 10,000, au vyote viwili. Kwa hiyo swali la "mtu anakamatwa?" jibu lake ni: inategemea umesimama nchi gani.

Uingereza, kwa mfano, anakoishi dada yenu, ukiacha barabara kuu za mwendokasi, kosa la namna hiyo halipo kabisa. Anavuka na nyekundu mbele ya polisi, na polisi anamtazama tu. Ufaransa faini ipo, euro 4, na ukitembea Paris dakika kumi utaona hakuna hata mmoja anayeikumbuka.

Cha Marekani ndicho kilichonichekesha, kisha kikaacha kunichekesha. Mwenda kwa miguu anayevuka ovyo kule anaitwa "jaywalker", na hilo "jay" la zamani maana yake ni mshamba. Wa kuja. Mtu wa porini aliyefika mjini hajui kutembea. Mwanzoni mwa karne iliyopita barabara zilikuwa za kila mtu, watoto walichezea humo, wauza mboga walipanga humo. Magari yakaingia, yakaanza kuua, watu wakawakasirikia madereva. Vyama vya wenye magari vikaona hasira hiyo itawaharibia, vikalishika neno hilo na kulieneza ili aibu imhamie anayetembea. Mwaka 1925 Los Angeles wakapitisha sheria ya mji kumlazimisha mtu avukie pale alipochorewa, na miji mingine ikaiga. Yaani aliyegongwa ndiye akawa mshamba.

Miaka hii wanaanza kurudi nyuma. California, tangu Januari 2023, askari hawezi kukuandikia faini kwa kuvuka kama hakukuwa na hatari ya kugongwa. New York sheria ilibadilika mwaka 2024, na sababu mojawapo ni hii: faini za mwaka 2023, zaidi ya tisa katika kila kumi ziliwaangukia Weusi na Walatino. Mji mzima unavuka na nyekundu, mzungu wa Manhattan na kahawa yake anavuka, lakini karatasi za faini zinajua njia ya kwenda. Niliposoma hivyo nikaikumbuka Deira.

Mama mdogo, nakuja kwako sasa, na naomba unisamehe kama nitakubishia.

Likizo ya mwaka juzi nilikuwa Mwanga, natoka sokoni, mfuko wa migebuka mkononi. Nikafika kwenye zebra. Rangi imebaki kivuli tu, lakini mguu wangu uliiona. Nikaingia barabarani bila kutazama. Ndiyo, bila kutazama! Miaka ya Leipzig ilishaufundisha mwili wangu kwamba mistari ile ni ukuta. Bodaboda akanipita kwa upana wa kiganja, mfuko ukanitoka, migebuka ikatandazika kwenye lami. Akageuka nyuma huku anaondoka: "We mzee, umetoka kijijini leo?" Mama mmoja anayeuza mawese kando ya barabara akamwambia mwenzake, "Muache huyo, wa Ulaya huyo," wakacheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa khanga. Mpwa, ulikuwapo, ulikuja kuniokotea samaki, na ulicheka kuliko wote.

Kwa hiyo "jay" wa Kigoma ni mimi. Mzaliwa wa Ujiji, niliyekulia chini ya miembe ile, nimeitwa mshamba Mwanga.

Sasa mama mdogo, niambie: mtu wa Mwanga anayesubiri kwenye zebra mpaka gari lisimame lenyewe, si atasimama mpaka magharibi? Kwetu tunavuka kwa macho. Unamtazama dereva usoni, unanyoosha kiganja, unampima, huyu anapunguza, huyu hapunguzi, unaingia nusu, unasubiri katikati na beseni lako kichwani, unamalizia. Watoto wa shule wanashikana mikono wanakimbia pamoja. Huo si ushenzi, ni ufundi, na mimi nimeupoteza. Mzungu hana ufundi huo kwa sababu hauhitaji: ana hakika kwamba gari litasimama. Na huyohuyo anayesubiri taa kwa adabu, jirani yangu wa mlango wa pili, tumeishi ngazi moja miaka minne na hajui jina langu. Ustaarabu una vyumba vingi.

Lakini sitaki pia mseme nimesifia ya kwetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema barabara za Afrika zinaua watu karibu 19 katika kila 100,000 kwa mwaka, Ulaya karibu 7, na magari mengi yako kwao, si kwetu. Macho yanachoka. Bibi wa miaka sabini hana macho hayo, mtoto wa darasa la kwanza bado hajayapata. Na trafiki wetu akijificha na tochi nyuma ya mwembe anapima spidi. Sijamwona hata siku moja akimwandikia mtu kwa kutosimama kwenye zebra, ingawa kosa ni kosa.

Mpwa, kwa kuwa umesema makaratasi yako ya kuja kusoma uuguzi yanaendelea, jambo moja la kushika kabla ya mengine yote. Shuleni tuliimbishwa tazama kulia, kushoto, kulia tena. Ukifika huku, ugeuze wimbo. Magari yanapita upande wa kulia, kama ng'ambo ya Manyovu ukiingia Burundi, kwa hiyo kifo kinaanzia kushoto. Siku yangu ya pili hapa nilitazama kulia vizuri sana, nikaona kweupe, nikainua mguu. Mtu nisiyemjua akanivuta kwa kola ya koti, na tramu ikapita mbele ya pua yangu, naiona rangi yake mpaka leo, bluu na njano. Nilipogeuka kushukuru, alikuwa ameshavuka.

Ya honi. Sitatuma. Nimetuma ya breki, pedi za mbele na nyuma, angalia simu yako. Fundi akimaliza nipigie picha.