UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula) ya saa tatu: gawa dakika kabla ya kuandika

Wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) kwenye vyuo vya hapa Dodoma si kwamba hawakusoma. Walikesha na madesa (notsi za masomo), ila walisoma tu bila kuandika. Diskasheni inapigwa kwa Kiswahili kwenye vimbweta (viti vya kusomea nje), kila mtu anaelewa, halafu UE inakuja kwa Kiingereza na sentensi ya kwanza inakula dakika tano. Diskasheni ziendelee, zinasaidia sana. Lakini mkimaliza mada, kila mmoja afunge desa, aandike aya mbili kwa Kiingereza, kisha mbadilishane karatasi na kusahihishana. Kalamu inapokwama ndipo pa kurudia, si mada nzima.

Wiki mbili kabla, tafuta pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita). Fanya angalau moja kwa mkono, saa tatu mfululizo, simu imezimwa. Mkono uliozoea kuchati huchoka mapema, na mwandiko usiosomeka haupewi alama.

Sasa chumba cha mtihani. Vyuo vingi huipa kozi waki (kazi na majaribio ya ndani ya muhula) alama 40 na UE alama 60. Alama 60 kwa dakika 180: toa 10 za kusoma maswali yote na kuchagua, toa 20 za kupitia majibu. Zinabaki 150, yaani dakika mbili na nusu kwa kila alama. Swali la alama 4 lina dakika 10; la alama 15 lina kama 37. Mkianza saa 2:00 asubuhi, unaanza kuandika 2:10, na swali la kwanza la alama 15 liishe 2:47.

Kinachowaangusha watu ni swali wanalolipenda. Mtu analimwagia saa nzima, kurasa sita, wakati msahihishaji hawezi kuvuka 15. Swali la mwisho linabaki tupu. Muda ukiisha, acha nafasi, nenda linalofuata, utarudi kwenye zile dakika 20.

Angalia pia swali linataka nini. Likisema utofautishe, usieleze kitu cha kwanza ukurasa mzima na cha pili ukurasa wa pili. Taja hoja, onyesha jinsi vyote viwili vinavyoachana hapo, ndipo uende hoja nyingine. Inauma kuona mtu anayejua somo akikosa alama kwa mpangilio tu.

Anayepanga nje ya chuo atoke mapema zaidi siku za mvua, bodaboda huadimika. Beba kitambulisho na kalamu mbili. Ukiomba kijitabu cha nyongeza, andika namba yako ya mtihani hapo hapo, kabla ya neno lolote.