Kabla Hujaomba Fedha za Dharura za Redio ya Jamii

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, nilikuwa natunza hesabu za redio ndogo ya jamii huku Mbagala. Haikupita muda matangazo ya biashara yakakatika. Shule zimefungwa, kumbi za sherehe kimya, na wenye maduka waliokuwa wakitulipa elfu kumi kumi wakatuomba tuwavumilie. Simu za wasikilizaji ndiyo kwanza zikazidi: barakoa ya kitambaa inafuliwa? Mtoto akikohoa nimpeleke wapi?

Jioni moja mganga wa zahanati yuko hewani, mita ya LUKU ikaanza kulia. Fundi mitambo akanunua umeme wa elfu tano kwa pesa yake, akabonyeza zile tarakimu 20 huku mganga akiendelea kueleza.

Tuliomba msaada, tukakataliwa. Akaunti ilikuwa na jina la meneja, si la redio. Iliniuma sana, maana kosa hilo lingerekebishwa mapema kabisa.

Kwa hiyo anza na makaratasi leo, kabla mlipuko wowote wa ugonjwa haujatokea. Akaunti ya kituo yenye watia saini zaidi ya mmoja, cheti cha usajili, TIN (namba ya mlipakodi), leseni iliyo hai ya TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano. Vyote viwe na nakala kwenye simu. Madirisha ya kuomba fedha za dharura hufungwa haraka. Mfuko wa dharura wa Google kwa vyombo vidogo vya habari ulitangazwa katikati ya Aprili 2020, na mwisho wa kuomba ukawa 29 Aprili.

Halafu bajeti. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanajaza ukurasa mzima wa “kuelimisha jamii”, umeme wameuficha kwenye “mengineyo”. Mimi nasema andika wazi: kubaki hewani mwezi mmoja kunagharimu kiasi gani? Umeme, dizeli ya jenereta, pango, bando, vocha za kuwahoji watu kwa simu, nauli za vijana wanaojitolea kutoka Chamazi na Kongowe. Weka na vifaa vya kinga. Sisi tulifunga kipaza sauti kwenye mpini wa ufagio ili mwandishi asimsogelee anayemhoji. Sponji za akiba za kufunika kipaza sauti ndizo tulizohitaji kununua.

Usibuni idadi ya wasikilizaji. Tulikuwa na kauntabuku la simu zinazoingia: tarehe, mtaa, swali. Mara ya pili tulipoomba, tulipiga picha kurasa zake tukaziambatanisha, na naamini ndizo zilizotubeba.

Fedha zilipoingia, fundi alirudishiwa elfu tano yake. Kisha likaja suala la risiti. Daladala haitoi risiti, kwa hiyo muulize mfadhili mapema kama atakubali fomu ya nauli, na kila kijana asaini siku hiyohiyo aliyosafiri. Ukingoja mwisho wa mwezi, nusu yao watakuwa wamesahau walikwenda wapi.