Je, asiye na amigdala haogopi kitu?
Ndugu, umeuliza kama mtu aliyeharibikiwa amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, huwa haogopi kitu chochote. Karibu kweli, ila si chochote.

Amigdala ni mbili, moja kila upande, ndani kabisa ya ubongo, zina umbo la lozi. Kila moja ni mafungu ya seli za neva yaliyoshikana. Fungu la pembeni hupokea habari za macho na masikio. La kati hupeleka amri kwenye shina la ubongo, moyo ukaanza kwenda mbio kabla hujajua umeona nini.

Sasa mfikirie mama mmoja wa Marekani, watafiti humwita S.M. Ugonjwa wa Urbach-Wiethe, ugonjwa adimu wa kurithi, ulimharibia amigdala zote mbili. Dukani kwa wanyama alishika nyoka, akamgusa hadi ulimi! Lakini utafiti uliochapishwa 2013 ulimvutisha hewa yenye kabonidayoksaidi 35%, inayomfanya mtu ahisi anakosa pumzi, akapatwa na kiwewe, akaashiria barakoa iondolewe haraka. Kwa hiyo hofu ya nyoka inahitaji amigdala. Hofu ya kukosa pumzi ina njia yake nyingine. Binafsi naona hilo ndilo jambo zito kuliko yote kwenye kisa chake.