Makato ya chama kwenye slipu: kabla hujajaza fomu ya kujitoa

Mkuu uliyeuliza kutoka Urambo, nimekusoma. Umeajiriwa juzi, umefungua slipu ya mshahara ukakuta chama cha wafanyakazi kimeshajikatia, hukumbuki kujaza fomu yoyote, na unauliza utoke au ubaki. Wengi wamekujibu "toka, hao walaji tu", na mmoja akaenda mbali zaidi: vyama vya wafanyakazi na vyuo vya maendeleo ya wananchi vyote vifutwe, havina faida kwa mtu wa chini. Mimi ni muuguzi, zahanati ya kijijini huku Kasulu, nakatwa mwaka wa kumi na kitu sasa. Hasira hiyo naijua vizuri. Chama changu sikitaji, maana nikikitaja mtaanza kubishana kuhusu chama badala ya makato.

Tuanze na swali lako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri anakata ada ya uanachama pale tu mfanyakazi aliposaini fomu ya kuridhia. Kama hukusaini, ada ya uanachama haitakiwi kukatwa. Lakini usikimbilie polisi, kwa sababu sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 72. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kikikubaliana na mwajiri, hata wasio wanachama wanakatwa ada ya uwakala, kwa hoja kwamba nyongeza ikipatikana na wao wataifaidi. Ada hiyo hairuhusiwi kuzidi ya mwanachama, inatakiwa ikae akaunti yake peke yake, na haitakiwi kwenda chama cha siasa. Sasa wale wanaojisifu humu kwamba walishajitoa, waombe waweke slipu zao. Wengine utakuta hela inatoka vilevile, kilichopotea ni kura yao ndani ya chama tu.

Kwa vyama vingi ada ni asilimia 2 ya mshahara. Mwenye 700,000 anatoa 14,000 kwa mwezi, yaani 168,000 kwa mwaka. Si hela ya kuitupia macho na kuendelea na safari.

Mimi nilihamishwa kwa barua ya mwajiri, sikuomba. Nikahama na watoto, magodoro juu ya gari la mahindi, nikaambiwa posho ya uhamisho itafuata. Haikufuata. Nikaenda kwa katibu wa tawi, mtu mwema kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa anadai malimbikizo yake. Akaandika wilayani, wilaya ikaandika mkoani, mkoa ukajibu kwamba suala linashughulikiwa. Jibu hilo nililisikia mpaka nikawa nalimalizia mwenyewe kabla hajafika mwisho. Lakini Mei Mosi ikifika, fulana na kofia za chama zinafika kwa wakati, saizi zote, hata ya mjamzito ipo. Fulana hazijawahi kushughulikiwa. Huwa zinakuja tu.

Kilichotusaidia ni sisi wadai wenyewe. Tulikusanyana wauguzi, walimu na maafisa ugani, tukatengeneza orodha moja: jina, cheki namba (namba ya mtumishi), tarehe ya barua ya uhamisho, kiasi unachodai. Tukaambatanisha nakala za barua, tukapeleka kwa mkurugenzi, nakala kwa mkaguzi wa ndani, na kila karatasi tukaigongesha muhuri wa kupokelewa. Watu wakaanza kulipwa, kwa mafungu, wengine bado wanasubiri. Baada ya hapo chama kikaja kwenye kikao kutupongeza kwa mafanikio ambayo "kimeyasimamia". Mama mmoja mwalimu akacheka kwa sauti mpaka mwenyekiti akanyamaza.

Sasa kwa nini chama kinaweza kukaa hivyo na bado kikaishi? Wengi mnasema viongozi ni wabaya. Mimi siamini kwamba ubaya wao ndio mzizi. Mzizi ni njia inayopita hela. Inatoka hazina inaingia akaunti ya chama bila kupita mkononi mwako, iwe umeridhika au umenuna.

Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli Tabora, enzi za TRAU, chama cha wafanyakazi wa reli wa Tanganyika. Alikuwa akitusimulia jinsi mkusanya ada alivyopita kwa mtu mmoja mmoja, karakana hadi stesheni, na mwenye kinyongo alikuwa anakitoa palepale kabla ya kutoa senti zake. Mwezi wa uzembe ulionekana kwenye kopo la ada. Chama hicho, katibu mkuu wake akiwa Christopher Kasanga Tumbo, mtu wa Sikonge hukohuko kwenu, kiliongoza mgomo wa reli wa 1960 uliodumu zaidi ya miezi miwili. Hebu fikirini, miezi miwili bila mshahara, na watu wakasimama. Hawakusimama kwa sababu ya fulana.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Sheria za 1962 zikabana migomo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, likafutwa pamoja na vyama vyake, kikawekwa chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Mwaka 1978 ikawa JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi iliyo chini ya chama tawala. Miaka ya 90 vyama vikaanza tena kujitenga na siasa, na hilo lilikuwa jema. Lakini utaratibu wa mwajiri kukata na kupeleka ukabaki, na viongozi wakarithi mapato bila kurithi ile kazi ya kupita karakana kwa karakana.

Kwa sisi wa afya ni pabaya zaidi. Kifungu cha 77 kinaweka huduma za afya kwenye huduma muhimu, kwa hiyo mgomo kwetu ni marufuku. Silaha iliyobaki ni meza ya mazungumzo tu, na anayetukalia mezani ni yule ambaye hahitaji kutuuliza kitu. Kumbukeni mgomo wa madaktari wa 2012: iliyouongoza ni jumuiya yao wenyewe, si chama cha wafanyakazi.

Kuhusu vyuo nitasema kwa kifupi, maana si eneo langu, ila mdogo wangu alisoma ushonaji kwenye kimoja. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza 1975, wazo likitoka Sweden, ili mtu mzima ajifunze kinachomfaa kijijini kwake. Leo vya serikali ni 54. Alikopita mdogo wangu vyerehani vilikuwa vichache kuliko wanafunzi, na alijifunza kukata sketi za sare wakati wateja wa sokoni wanataka magauni ya vitenge. Mkuu wa chuo alijua hilo. Lakini bajeti yake inatoka Dodoma, na mama wa sokoni hana mahali pa kumwambia kitu kikasikika. Ni ugonjwa ule ule wa chama. Kufuta chuo hakumpi mtoto wa Kakonko cherehani, na kufuta chama hakutanilipa posho yangu.

Kwa hiyo mimi sikutoka. Nilibaki nikaanza kuwa kero. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinakitaka chama kiandae hesabu kila mwaka, zikaguliwe, zipelekwe kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao na kwa msajili wa vyama, na mwanachama aruhusiwe kuziona ofisini. Nilipoomba mara ya kwanza niliulizwa nimetumwa na nani. Nikaandika barua, na wenzangu wa zahanati jirani wakaandika zao. Zilipokuja kusomwa, fungu la "mengineyo" lilikuwa nene kuliko fungu la kesi za wanachama. Mweka hazina alijaribu kulipita haraka kama basi linalopita kituo, ikabidi tumrudishe. Hatujapata maelezo yote, ila uchaguzi wa tawi uliofuata watu walijaa, na huku kwetu kikao cha chama kujaa si jambo la kawaida.

Sasa wewe wa Urambo. Nenda kwa afisa utumishi uombe kwa maandishi nakala ya fomu yenye saini yako. Ikipatikana na si saini yako, hiyo ni kesi nyingine kubwa, usiinyamazie. Isipopatikana, uliza kama unachokatwa ni ada ya uwakala na uombe kuona makubaliano. Ukiamua kujitoa, taarifa ni ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama, na angalia slipu ya mwezi unaofuata, usiamini neno la mdomo. Ukiamua kubaki, uliza kikao cha tawi ni lini. Wakikuambia hakuna ratiba, hapo ndipo pa kuanzia.