Kabla hujauliza kama John Donne alipenda kweli

Wanafunzi ninaowasaidia kusoma mashairi ya Kiingereza ya karne ya 17 wana swali lao: huyu mshairi Donne anapenda kweli, au anatuonyesha tu ujanja wa maneno? Huwa nawaambia waliweke kando kwanza. Anza kwa kujiuliza anaongea na nani, na anataka apewe nini.

Chukua "The Flea". Kiroboto kamuuma mwanamume, kamuuma na mwanamke; damu zao zimekwisha changanyika humo, anadai jamaa, sasa kwa nini mwanamke akatae kulala naye? Hoja ya kitapeli hiyo, na Donne anajua. Usisome beti tatu peke yake, soma na nafasi zilizo kati yake. Ubeti wa pili unaanza kwa kumsihi mwanamke asimuue kiroboto. Wa tatu unaanza, kiroboto keshakufa, ukucha umelowa damu. Mwanamke hakupewa hata mshororo mmoja, lakini kila akitenda jambo, mwanamume inambidi atunge hoja upya. Na kama umezoea kuhesabu mizani, hesabu: nane na kumi zinapokezana, kisha ubeti unafungwa kwa mishororo miwili ya kumikumi, pale hasa anapotaka kushinda kesi.

Kwenye "A Valediction: Forbidding Mourning" mtu anaaga, anamwomba mpenzi wake asilie. Wasomaji wengi huukimbilia mfano wake wa bikari, kile chombo cha miguu miwili cha kuchorea duara. Mimi hukaa kidogo kabla ya mfano huo. Ubeti wa sita unasema roho zao ni moja, itatanuka kama dhahabu inayopondwa hadi iwe nyembamba kama hewa. Wa saba unalegeza: haya, tuseme ni mbili, basi ni mbili kama miguu ya bikari, mmoja umesimama katikati, unauinamia mwenzake akienda mbali, unanyooka akirudi. Kwangu mimi mapenzi yako kwenye kule kulegeza. Ameona hoja ya kwanza haijamtuliza mtu, akatafuta nyingine.

Habari za maisha yake zitumie kwa kiasi. Alimwoa Anne More kwa siri mwaka 1601, akafukuzwa kazi, akafungwa kwa muda. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake, anasema shairi la bikari alimpa Anne akienda Ufaransa. Huenda. Lakini mashairi yake mengi yalipita mkono kwa mkono hadi yalipochapishwa mwaka 1633, yeye akiwa amekwisha fariki, na katika haya mawili hakuna mwanamke anayetajwa kwa jina. Kwenye insha, ushahidi utoe kwenye mishororo. Cheti cha ndoa kiache.