Swali la lugha: Difu inagawa nini hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri mwongozo wa mafunzo ya ufundi wa magari, sura inayohusu difu (zile gia zilizo katikati ya magurudumu mawili yanayosukuma gari) na mifumo mipya ya kupeleka nguvu magurudumuni. Mwenzangu anataka tuandike "kitofautishi" kila mahali, na ile difu isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure tuiite "kitofautishi cha mtelezo mdogo". Mimi naona fundi akisoma hivyo ataufunga mwongozo. Tushike lipi? Tuseme difu yangu au difu langu? Na neno "nguvu" limejaa kila mstari, tufanyeje? Sentensi yetu ya kwanza inasema: "Difu hugawa nguvu tofauti kwa kila gurudumu gari linapokata kona."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andika difu. Ngeli yake ni I-/ZI-, sawa na gia, giaboksi na shafti: difu yangu imevunjika, difu hizi zinavuja. "Madifu" utayasikia mafundi wakizungumzia vyuma vilivyorundikwa pembeni, na katika maongezi hayamuudhi mtu, ila kwenye mwongozo baki na I-/ZI-. Hilo ni jepesi. Zito liko kwenye ile sentensi ya kwanza, kwa sababu haina kosa hata moja la sarufi na bado inamdanganya msomaji.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kukaa na fundi aliyekuwa na gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Alizuia matairi ya mbele kwa vigingi, akainua nyuma yote kwa jeki, akaweka stendi, akaingiza gia injini ikiwa imezimwa. Akaniambia, "Zungusha hilo la kushoto." Nililizungusha kwenda mbele, na la kulia likaanza kurudi nyuma, kwa mwendo uleule wa mkono wangu. Nikageuza, nalo likageuza. Shafti ya katikati, ile inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, haikutikisika. Nilirudia mara nne au tano kwa furaha tupu, maana nimesoma habari za difu miaka mingi lakini sikuwahi kuishika ikifanya kazi yake.

Sasa jiulize: hapo difu imetofautisha nini? Kwa Kiswahili, kutofautisha ni kazi ya jicho, ulimi au akili. Mama hutofautisha mapacha wake, mpishi hutofautisha chumvi na sukari kwa kuonja. Kitofautishi basi ni kifaa cha kutambua, na msomaji akikutana nacho atatarajia kipimo chenye mshale au taa. Difu haitambui kitu. Inaruhusu. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani, na difu inaliachia lile la nje likimbie zaidi huku lile la ndani likipunguza mwendo kwa kiasi hichohicho. Krauni, ile gia kubwa inayoizungusha difu, ikizunguka mara 400 kwa dakika, kwenye njia iliyonyooka kila gurudumu linazunguka mara 400. Kwenye kona la ndani likishuka hadi 380, la nje lazima lipande hadi 420. Ukijumlisha mizunguko ya magurudumu mawili, siku zote utapata mara mbili ya mizunguko ya krauni. Ndiyo maana mkono wangu uliposukuma moja mbele wakati krauni imesimama, lenzake halikuwa na pa kwenda ila nyuma.

Kwa hiyo kinachohitilafiana ni kasi. Nguvu ya kuzungusha haihitilafiani: difu ya kawaida, ile fundi anayoiita difu wazi, huigawa karibu sawa kwa sawa, kona au si kona. Rudi sasa kwenye sentensi yenu. "Hugawa nguvu tofauti kwa kila gurudumu" ni kinyume cha kinachotokea. Andika: "Difu hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa magurudumu mawili, huku ikiyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti." Vitenzi ni viwili, kugawa na kuruhusu, na kila kimoja kina shamirisho yake. Mlivibana vyote katika kimoja, na hapo ndipo ukweli ulipopotelea.

Huu si ubishi wa maneno. Mwanafunzi aliyesoma sentensi yenu ya zamani hawezi kueleza kwa nini gari lenye gurudumu moja kwenye tope linakwama wakati gurudumu la pili limekanyaga ardhi kavu. Atasema difu imepeleka nguvu yote kwenye tope. Ukweli ni kwamba gurudumu lililo kwenye tope halina cha kushika, kwa hiyo kulizungusha kunahitaji nguvu kidogo sana, na kwa kuwa mgawo ni sawa, lile lililo pakavu nalo linapewa kidogo hichohicho. Kidogo hicho hakitoshi kusogeza gari. Tope linarushwa, kasi yote iko upande mmoja, na gari limesimama palepale.

Ndipo tunafika kwenye "mtelezo mdogo", ambao kwa maoni yangu una hatari kuliko kitofautishi. Kuteleza kwa Kiswahili ni kwa mguu juu ya sakafu yenye maji, au tairi juu ya barabara. Ukimwambia msomaji kwamba difu hii ni ya mtelezo mdogo, ataelewa kwamba matairi yake hayatelezi sana, kana kwamba kashata za tairi zimebadilishwa. Lakini kinachodhibitiwa kimo ndani ya kasha la difu: zile shafti mbili za magurudumu kupishana kasi. Tairi likikanyaga matope litateleza kama kawaida yake. Difu hii inachofanya ni kukataa moja lisikimbie peke yake na kuliacha lenzake limelala.

Hapa lugha yetu ina utajiri ambao wengine wanautafuta kwa maneno matatu matatu. Vinyambuo vya kitenzi vinatupa majina mazuri bila kukopa. Difu ambayo dereva anaifunga mwenyewe kwa kitufe au kishikio, shafti zote mbili zikawa kama chuma kimoja, iite difu ya kufungwa. Ile inayojikaza bila dereva kugusa kitu, iite difu ya kujibana. Kujibana si kujifunga: kitu kilichojibana bado kinaweza kusogea kwa shida, na hivyo ndivyo difu hizi zilivyo. Nyingine huwa na pleti za klachi zinazobanana kadiri nguvu ya kuzungusha inavyoongezeka, nyingine hutumia mafuta mazito ya silikoni yanayopinga pleti zisipishane. Na kama kuna ile inayojifunga kabisa yenyewe, nayo ina jina lake tayari: difu ya kujifunga. Kiambishi kimoja cha -ji- na kauli moja ya kutendwa vimetupa aina tatu ambazo msomaji atazitenganisha bila kamusi.

Jina la Torsen liacheni kama lilivyo, ni jina la biashara. Lakini lielezeni vizuri, kwa sababu ni moja ya kazi za uhandisi zinazonifurahisha mno. Mmarekani Vernon Gleasman alipata hataza yake mwaka 1958. Difu yake haikuhitaji pleti wala mafuta mazito, ilitegemea gia tupu za umbo la parafujo. Parafujo inaweza kuzungusha gia iliyoumana nayo kwa urahisi, ila gia hiyo ikijaribu kuizungusha parafujo, meno yanabanana. Kwa hiyo shafti moja ikitaka kukimbia, inakutana na msuguano ndani ya gia zenyewe, na nguvu zaidi inakwenda kwa ile iliyo polepole. Ona kitenzi: kubanana. Mnacho tayari, na kinaeleza kuliko maneno kumi ya kukopa.

Sasa zipo difu za hatua inayofuata, ambazo kwa kweli hugawa nguvu tofauti. Mwaka 1996 Mitsubishi Lancer Evolution IV ilitoka na difu ya nyuma iliyoongozwa na kompyuta, yenye uwezo wa kulizidishia gurudumu la nje nguvu ya kuzungusha ili gari ligeuke kwa wepesi. Kwa difu ya namna hiyo, sentensi yenu ya mwanzo ingekuwa sahihi kabisa. Napendekeza "difu ya kuelekeza nguvu", na katika maelezo mtumie kuzidishia: "inalizidishia gurudumu la nje". Kitenzi hicho kinamtaja anayepewa, ndiyo kazi yake hasa. Msikitumie kwa difu wazi hata mara moja.

Kuhusu "nguvu": nakubaliana nawe kwamba linachosha, lakini kuchosha ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba neno hilo moja linabeba mambo mawili yasiyofanana. Mkisukuma mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita kwa nyutoni 200, nati inapata nyutoni-mita 100. Hiyo ni torki. Kazi inayofanyika kwa kila sekunde ni kitu kingine, kinachopimwa kwa wati au kwa nguvu za farasi. Mkiandika "difu huongeza nguvu" mtakuwa mmeandika jambo lisilowezekana, kwa sababu hakuna gia inayozalisha nguvu za farasi. Pinioni, ile gia ndogo mwishoni mwa shafti ya katikati, ikiwa na meno 10 na kuzungusha krauni yenye meno 41, kasi inapungua mara 4.1 na torki inaongezeka kwa kiasi kilekile, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Hivyo elezeni torki mara moja mwanzoni mwa sura, kwa mfano wa spana, kisha mtumie torki bila woga. Neno fupi, lina irabu mwishoni, ngeli I-/ZI-, linakaa vizuri mdomoni. "Nguvu" ibakie kwa maana ya jumla.

Umeniuliza pia pembeni kama kuna mahali "kuteleza" panafaa katika sura hii. Pako, na pazuri: kwenye gia za haipodi. Zilipoingia kwenye magari miaka ya 1920, pinioni ilishushwa chini ya kitovu cha krauni, shafti ya katikati ikalala chini zaidi, na sakafu ya gari ikaweza kushuka. Lakini meno ya pinioni hiyo hayaumani na ya krauni kwa kubiringika tu, yanateleza pia juu yake, kwa mgandamizo mkubwa. Oili ya kawaida haihimili. Ndiyo sababu oili ya difu ina salfa, na ndiyo sababu fundi yule alipofungua nati ya kumwagia oili, harufu ya yai bovu ilinifikia kabla sijaona tone. Andikeni "meno yanateleza" hapo bila wasiwasi.

Kwenye magari ya umeme, angalieni -a unganifu. "Ekseli ya umeme" inaweza kueleweka kama ekseli inayopitisha umeme. "Ekseli yenye mota" inasema kilichopo: mota, gia za kupunguza kasi na difu katika kasha moja. Na gari lenye mota moja kwa kila gurudumu la nyuma andikeni wazi kwamba halina difu nyuma. Programu ndiyo inayoamua kila mota izunguke kwa torki gani. Msiiite "difu ya kompyuta", msomaji ataitafuta chini ya gari.

La mwisho ni lile la krauni na pinioni, ambalo mwenzako anataka mlitenganishe kwa kuwa ni vitu viwili. Mafundi husema krauni-pinioni kama neno moja, na upatanisho wao ni wa umoja: "krauni-pinioni imekwisha". Wafuateni. Meno ya hivyo viwili husagwa pamoja kiwandani hadi yakubaliane, huuzwa pamoja, na kimoja kikiharibika hubadilishwa vyote.