Wauguzi wangu wametoka kambi ya kipindupindu: niwakalishe pamoja wasimulie?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi hapa Moshi. Wauguzi wangu wanne wamerudi wiki tatu zilizopita kutoka kambi ya kipindupindu. Mmoja hapati usingizi, anaomba valiamu. Mwingine ananawa klorini mpaka mikono imechubuka, na nyumbani analala sebuleni asiwaguse watoto. Uongozi unataka tuwakalishe wote siku moja, kila mmoja aeleze alichokiona, yaishe. Itasaidia?

Jibu: Marahaba, sista. Pole na kazi.

Hapana, na valiamu pia hapana. Kikao cha mara moja cha kumtaka kila mtu asimulie alichoshuhudia kilivuma sana miaka ya 1980 na 1990, hasa kwa wazimamoto na waokoaji wa Marekani. Kilipokuja kupimwa kwa majaribio, hakikuzuia kiwewe, na baadhi ya waliokaa humo waliishia na hali mbaya kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mimi sishangai: unamfungua mtu kidonda mbele ya bosi wake, kisha saa kumi jioni anapanda daladala ya Pasua peke yake na kidonda chake. Valiamu nayo, katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, haizuii kiwewe, na mwili huizoea haraka.

Huyu wa klorini ndiye anayenipa mawazo zaidi. Muulize kwanza ananawa mchanganyiko gani. Wa mikono ni asilimia 0.05, ule wa 0.5 ni wa sakafu na vitanda. Nimewahi kumpata nesi akinawa wa sakafu, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kupima! Kwa hiyo usimpeleke semina. Anajua kuliko mimi kwamba kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, si kwa kumpakata mtoto. Muulize, mkiwa wawili tu, kama kuna mgonjwa aliyemfia mikononi.

Nasema hivyo kwa sababu kipindupindu humtesa muuguzi kwa namna yake. Marburg, ile homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilipoingia Kagera mwaka 2023, kati ya wagonjwa 9 walikufa 6. Nesi aliyekuwa kule anaweza kujiambia ugonjwa ule hauna dawa. Kipindupindu kikitibiwa vizuri, wanaokufa hawafiki mmoja kati ya 100. Dawa yenyewe ni maji na chumvi. Basi mgonjwa akifa, nesi anabaki akihesabu: dakika alizotafuta mshipa, chupa za ringa, yale maji ya dripu, zilizokwisha, usiku aliokuwa peke yake na kambi imejaa. Anachobeba ni hatia kuliko woga, na hatia haitulii kwa kuambiwa "usiogope", wala kwa "ni mapenzi ya Mungu" inayotolewa haraka haraka.

Mwite kila mmoja kwa wakati wake, kwenye chai, si ofisini. Uliza usingizi, chakula, nyumbani kunasemwaje. Akitaka kusimulia, msikilize mpaka mwisho, asipotaka, mwache. Akijilaumu, mpe ukweli wa kitaalamu: mgonjwa aliyekauka maji mishipa yake hulala, hata mkono mzoefu huikosa. Na kama ringa ziliisha, mwambie wazi kuwa ziliisha. Kosa la stoo lisibebwe na nesi. Asiyelala mtoe zamu za usiku kwanza. Fuatilia na posho zao za kambini; utaniona nachekesha, lakini kudai haki yako mwezi mzima kunamfanya mtu aone hata aliyoyafanya hayakuhesabiwa.

Wiki tatu bado ni mapema kuita hali hii ugonjwa. Ikipita mwezi na bado tukio linamrudia akiwa macho, ndoto hazikatiki, anakwepa wodi au anashtuka kwa mlio wa toroli, apelekwe kliniki ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo ya vikao kadhaa inayosaidia kweli. Akianza pombe ili alale, usisubiri mwezi utimie. Akitaja kufa, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Wengi huona haya kutibiwa wanapofanyia kazi, hivyo mruhusu aende hata Arusha.

Uongozi ukiuliza bajeti ya kikao iende wapi, omba nesi wa pili zamu ya usiku.